Tundu la Ukutani Lilikuwa la Nani? Modemu na Laini za Simu mjini Birmingham

Miongozo ya Unix na Linux ya miaka ya 1990 humfundisha msomaji kutafuta hitilafu ya modemu kwa mpangilio uleule popote duniani: kagua waya, kagua kasi, hakikisha poti ya siriali inaonekana, piga simu kwa mkono kabla ya kuiachia programu, kisha soma kumbukumbu za mfumo. Ni mafunzo mazuri. Lakini ukiyapima kwa historia ya Birmingham, jiji la pili kwa ukubwa Uingereza, unaona kuna ukurasa ambao miongozo hiyo haikuuandika. Haisemi modemu ilikuwa mali ya nani, nani aliruhusiwa kuichomeka ukutani, wala dakika moja ya laini iligharimu kiasi gani na saa ngapi. Hoja yangu ni kwamba mambo hayo matatu, yaani umiliki, ruhusa na bei, ndiyo yaliyoamua hitilafu nyingi zingejificha wapi. Modemu ilisimama mahali ambapo mali ya mtu mmoja inapakana na mali ya mwingine, na aliyejua amri za kompyuta peke yake alibaki kutafuta mchawi upande wake wa mpaka ilhali chanzo kilikuwa ng'ambo. Anayetaka kuielewa kazi ya fundi wa modemu hana budi kusoma sheria za simu pamoja na amri za Unix.

Birmingham ina haki ya kutolewa mfano katika jambo hili, kwa sababu iliingia katika biashara ya nyaya za mawasiliano mapema sana. Mwaka 1837 wavumbuzi Cooke na Wheatstone walijaribu telegrafu yao kati ya Euston na Camden Town, kwenye reli iliyokuwa ikijengwa kutoka London kwenda Birmingham. Kampuni ya reli haikuipokea. Miaka isiyozidi thelathini baadaye, kiwanda cha Webster & Horsfall kilichoko Hay Mills, mashariki mwa jiji, kilitengeneza waya wa chuma uliovishwa juu ya kebo ya Atlantiki iliyofanikiwa mwaka 1866: maili 30,000 za waya, uzito wa tani 1,600, kazi ya watu 250 kwa miezi kumi na mmoja. Kebo iliyotangulia, ile ya mwaka 1858, ilikuwa imekufa baada ya wiki chache tu. Wildman Whitehouse, aliyesimamia umeme wake, aliona ujumbe unapita kwa shida akaongeza nguvu hadi kufikia volti 2,000 hivi, akaiua kabisa. Mpinzani wake William Thomson alishika njia nyingine: alitengeneza kipimo chepesi kilichoweza kuona mkondo mdogo sana wa umeme, na akasisitiza kupima kabla ya kulazimisha. Ugomvi wa wawili hao ndio chimbuko la ufundi wote uliofuata. Mafundi wa kebo walijifunza kuigawa laini vipande, kupima ukinzani wa kila kipande, na kusema hitilafu iko umbali gani kutoka ufukweni bila kuiona kwa macho. Kebo iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ilitunzwa kwa maarifa hayohayo.

Halafu dola ikaingia. Telegrafu zote za Uingereza zilikabidhiwa Posta mwaka 1870, na tarehe 1 Januari 1912 Posta ikachukua pia karibu simu zote za nchi. Tangu hapo, kwa takriban miaka sabini, mteja wa Birmingham hakumiliki chochote cha simu ndani ya nyumba yake. Chombo cha simu kilikuwa cha kukodi, waya ulikuwa wa Posta, na kugusa kiungo chochote lilikuwa kosa. Uzito uliopewa laini hizo unaonekana chini ya barabara ya Newhall, ambako Posta ilichimba kituo cha siri cha mitambo ya simu kilichoitwa Anchor, kikakamilika mwaka 1957 kwa gharama ya pauni milioni nne, ili simu ziendelee kuita hata jiji likipigwa bomu la atomiki. Jina lilitokana na nanga, alama ambayo ofisi ya Birmingham ya kuhakiki dhahabu na fedha huigonga kwenye vito. Miaka michache baadaye ukajengwa jirani mnara wa mawasiliano wenye urefu wa mita 152, ambao ungali umesimama. Posta ya namna hiyo isingekubali mashine ya mtu baki izungumze kwenye laini zake. Kompyuta zilipohitaji kupiga simu, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, jibu lilikuwa huduma ya Datel: modemu ni ya Posta, inafungwa na fundi wa Posta, na mteja anailipia kodi. Aliyekuwa na kifaa chake mwenyewe alitumia njia ya kuzunguka, akikilaza kipokezi cha simu juu ya vikombe viwili vya mpira ili sauti ipite hewani, biti 300 kwa sekunde, pasipo waya wake kugusa waya wa serikali. Kelele za chumbani ziliingia kwenye data, mlango ukibamizwa herufi zinaharibika. Hitilafu hiyo haikuwa ya kielektroniki wala ya programu. Ilizalishwa na sheria, na tiba yake ilikuwa kuibadilisha sheria.

Sheria ilibadilika mwaka 1981, British Telecom ilipotenganishwa na Posta na soko la vifaa likaanza kufunguliwa. Kuanzia hapo modemu iliweza kununuliwa dukani, lakini kwa kibandiko: duara la kijani kwa iliyopitishwa na bodi ya ukaguzi iitwayo BABT, pembetatu nyekundu kwa isiyopitishwa. Yenye pembetatu iliuzwa kihalali, ikanunuliwa kihalali, ila kuichomeka kwenye laini ya umma kulikatazwa. Birmingham ilikuwa na kampuni yake ya kompyuta, ACT, iliyotoa Apricot mwaka 1983. Jiji liliweza kuunda kompyuta nzima, lakini si kuamua kitakachoingia kwenye tundu la ukutani. Na tundu lenyewe lilikuwa la kipekee. Plagi mpya ya Uingereza iliyoanza kutumika wakati huohuo haikufanana na ya Marekani kwa umbo wala kwa mpangilio, kwani nyaya mbili za laini zilipita kwenye pini tofauti. Mtu aliyeleta modemu ya Marekani na kuiunga kwa waya wa kubahatisha alipata ukimya, na modemu ikamwambia haisikii mlio wa laini. Jibu hilohilo alilipata mwenye waya sahihi ambaye mitambo ya mtaa wake ilikuwa bado ya kizamani, yenye mlio wa kunguruma ambao chombo cha kigeni hakikuutambua. Mitambo hiyo haikuelewa pia kupiga kwa toni, ilitaka mapigo kama ya simu ya kuzungusha. Ndiyo maana amri ya X3, inayoiambia modemu ipige bila kungoja mlio, na herufi P badala ya T baada ya ATD, amri ya kupiga, zilizagaa katika mipangilio ya Waingereza. Ukizisoma leo zinaonekana kama uganga wa mtu asiyejua anachofanya. Kumbe kila moja inaeleza mitambo ya mtaa fulani.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatokana na Prestel. Huduma hii ya Posta, iliyobuniwa na Samuel Fedida, ilileta kurasa za maandishi kwenye televisheni kupitia simu, na Birmingham ilikuwa miongoni mwa miji ya majaribio mwaka 1978, pamoja na London na Norwich. Kampuni ya magazeti ya Birmingham Post and Mail ilichapisha humo gazeti la kielektroniki, Viewtel 202, likiitwa kwa namba ya ukurasa wake. Wahandisi wa Prestel walijua kwamba msomaji anapokea mengi na kuandika machache, basi wakaipa laini kasi mbili: biti 1,200 kwa sekunde kuja kwake, 75 kwenda kwao. Uamuzi wa busara, ila ulileta balaa kwa miaka kumi na zaidi. Chipu ya siriali ya IBM PC na ndugu zake haikuweza kutuma kwa kasi moja na kupokea kwa nyingine, hivyo ilihitaji modemu yenye akili ya kuzipatanisha. BBC Micro, kompyuta ya shuleni, iliweza. Unix nayo, katika amri ya stty, ina mahali pawili, kasi ya kuingia na kasi ya kutoka, na hadi leo Linux inayo. Kijana wa sasa anayezikuta hizo nafasi mbili huziona kama masalia. Fundi wa Birmingham wa mwaka 1985 aliyeona upuuzi kwenye kioo chake alijua kwamba kasi mbili zile zilitokana na makisio ya Posta kuhusu tabia za wasomaji wa magazeti.

Mpaka mwingine ulikuwa juu ya meza, kati ya kompyuta na modemu. Kanuni ya RS-232 ya mwaka 1960 iliyagawa majukumu baina ya pande mbili kwa pini: huyu anasema yuko tayari, yule anasema anasikia mwenzake wa mbali, huyu anaomba kutuma, yule anaruhusu. Mbili kati ya hizo zilikuwa na uzito wa kifedha ambao miongozo ya Marekani iliupita haraka. Pini ya DCD huijulisha kompyuta kwamba modemu ya upande wa pili bado ipo. Ikizimika, Unix hutuma ishara ya kukata simu kwa kikao hicho, na kwa kawaida programu zake hufungwa. Pini ya DTR hufanya kinyume: kompyuta ikiizima, modemu inapaswa kukata. Modemu nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimepangwa kudai daima kwamba mwenzao yupo, na kutojali DTR hata kidogo. Matokeo ya kosa la kwanza yalikuwa ya aibu: mpigaji akikatika ghafla, kikao chake kinabaki wazi, na anayepiga baada yake anaingia ndani ya kazi za mtu mwingine bila kuulizwa nywila. Kosa la pili lilikuwa la bili. Programu imekufa, mtu amekwenda kulala, laini bado iko hewani, na mita ya British Telecom inahesabu. Amri &C1 na &D2 zilimaliza yote mawili, na sioni ajabu kwamba ukali wa kuzisisitiza ulikuwa mkubwa pale dakika zinapolipiwa.

Maana dakika zililipiwa, na hapo ndipo bei inapojitokeza kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Simu ya ndani ya jiji nchini Uingereza ilihesabiwa kwa muda, ghali mchana wa siku za kazi, nafuu jioni na mwisho wa wiki. UUCP, mfumo wa Unix wa kubadilishana barua na faili kwa simu ulioanzishwa na Mike Lesk huko Bell Labs mwaka 1976, una katika faili lake la orodha ya mitambo safu maalumu ya saa zinazoruhusiwa kupiga, mara tu baada ya jina la mtambo. Waliounda Unix walijua kwamba ratiba ya bei ni sehemu ya laini, nao wakaiweka kabla hata ya namba ya simu. Kwa hiyo lalamiko la kawaida, kwamba barua haziondoki na mfumo hautoi kosa lolote, lilikuwa na jibu lisilohusu waya: haijafika saa kumi na mbili ya jioni. Demon Internet ya Cliff Stanford ilipofungua mlango tarehe 1 Juni 1992 kwa pauni kumi kwa mwezi, wateja wake waliishi kwa desturi hiyo. Waliunganisha, wakavuta barua na majadiliano, wakakata, wakasoma nje ya laini. Wapo walioandikisha namba ya mtoa huduma wao wa intaneti kuwa rafiki yao mkuu katika mpango wa punguzo wa British Telecom uliokusudiwa kwa ndugu na jamaa, na sidhani kama urafiki huo ulikuwa wa uongo. Hata huduma za ziada za kampuni ya simu ziliingia katika orodha ya magonjwa. Mlio wa kumjulisha mteja kuwa kuna simu nyingine inamngoja uliikata modemu katikati ya kazi, na dawa yake, #43#, ilikuwa amri ya mitambo ya simu, si ya Unix. Mlio wa laini ukibadilika kwa sababu kuna ujumbe wa sauti haujasikilizwa, modemu ilikataa kupiga.

Namna ya kuligawa tatizo ilibaki ileile ya watu wa kebo. Modemu bora zilikuwa na vipimo vya kuzungusha data: kwanza herufi zinarudi kutoka kwenye modemu yako, kisha kutoka kwenye modemu ya mbali, ili ujue kipande kipi ni kizima. PPP, itifaki ya kupitishia intaneti kwenye laini ya simu iliyochukua nafasi ya SLIP katika miaka ya 1990, ilibeba wazo hilo ndani yake. Kila upande hutunga namba ya bahati nasibu na kuituma. Ukipokea namba yako mwenyewe, unajua unazungumza na mwangwi. Programu ya pppd huandika wazi kwamba laini imejirudia yenyewe, na mara nyingi maana yake ni kwamba mtambo wa mbali bado umekaa kwenye swali la jina la mtumiaji, unarudisha kila unachoandika. Anayelijua hilo haangaiki na kasi wala waya. Anarudi kwenye hati ya kuingilia. Kampuni ya simu nayo ilichora mpaka wake kwa namna inayoonekana. Katika soketi kuu ya nyumba, nusu ya chini ya kifuniko huondolewa kwa bisibisi, na ndani yake kuna tundu la kupimia. Ukiichomeka modemu humo, nyaya zote za ndani ya nyumba zimekatwa, umebaki na laini ya kampuni pekee. Ikifanya kazi humo, ubovu ni wa nyumba. Isipofanya, mpigie mwenye laini. Sijui chombo kingine cha nyumbani kilichogeuza mkataba kuwa plastiki kwa uwazi namna hii.

Chuo Kikuu cha Aston, katikati ya Birmingham, kinaonyesha mpaka wa aina nyingine, kati ya mtandao na mtandao. Hapo ndipo Peter Abbott alipotunza hazina ya Uingereza ya TeX, programu ya kupanga chapa ya Donald Knuth, tangu miaka ya 1980 hadi ilipounganishwa katika mtandao wa CTAN miaka ya 1990. Vyuo vya Uingereza vilikuwa na mtandao wao, JANET, ulioanza mwaka 1984 kwa itifaki zao wenyewe, nao uliandika majina kwa kuanzia nchi: uk.ac.aston, wakati dunia nyingine iliandika kinyume chake. Aliyetaka faili la Aston kutoka nje ya vyuo alivuka lango baada ya lango, na katika kila lango kitu fulani kingeweza kumezwa: jina likageuzwa mara mbili, biti ya nane ikapotea, alama ya udhibiti ikatafsiriwa kuwa amri. Kermit, programu ya kuhamisha faili iliyotoka Chuo Kikuu cha Columbia, ilipendwa kwa sababu ilidhania mabaya kuhusu kila kilicho katikati ya njia na kuifunga kila herufi ipasavyo. Ilikuwa ya polepole, na ilifika.

Hitilafu nyingine ililetwa na kalenda. Tarehe 16 Aprili 1995, Jumapili ya Pasaka, msimbo wa simu wa Birmingham ulibadilika rasmi kutoka 021 kuwa 0121, pamoja na misimbo ya nchi nzima. Kila hati ya kupigia iliyokuwa na namba ya zamani, kutoka Coventry hadi Nairobi, iliacha kufanya kazi bila waya kuguswa wala faili kubadilishwa.

Mtu mwenye uzoefu atapinga hapa. Atasema kwamba hitilafu nyingi za modemu kwenye Unix zilikuwa za ndani ya sanduku, zisizojua kama uko Birmingham au Boston. Poti ya kwanza na ya tatu za PC zilishiriki ishara moja ya kukatiza, IRQ 4, ya pili na ya nne zikashiriki IRQ 3. Kipanya na modemu vikigongana, herufi zilijitokeza kwa mafungu, moja sasa, nyingine baada ya sekunde kadhaa. Chipu za zamani za 8250 zilikuwa na nafasi ya herufi moja tu, hivyo diski ikishughulika kidogo, data inapotea. 16550A yenye nafasi ya herufi 16 ilimaliza ugonjwa huo. Wengine walisahau kuwasha udhibiti wa mtiririko kwa pini za RTS na CTS wakaacha ule wa kutumia herufi maalumu, ambao huivuruga PPP. Yote ni kweli, na nayakubali. Lakini tazama jinsi hitilafu hizo zilivyo: zinatibika mara moja, kwa chipu mpya au kwa mstari mmoja wa usanidi, na haziripuki tena. Zilijaa katika miongozo kwa sababu ndizo zilizokuwa ndani ya uwezo wa mwandishi wa mwongozo. Zile za mpakani hazikuwa na mstari wa kuzitibu, zilibadilika kwa tarehe, kwa mtaa na kwa kampuni. Isitoshe, waliozipata walianza kwa kulaumu sanduku, kwa kuwa sanduku ndilo waliloweza kulifungua. Muda mwingi zaidi ulipotea hapo.

Pingamizi la pili linahusu Marekani. Huko pia AT&T ilikataza vifaa vya watu hadi uamuzi wa Carterfone wa mwaka 1968, na usajili wa vifaa ukafuata miaka ya 1970, basi sheria ya Uingereza ina upekee gani? Upekee wake uko katika bei, na bahati nzuri tunaweza kulipima jambo hili ndani ya Uingereza yenyewe. Mji wa Hull ulibaki na shirika lake la simu lililomilikiwa na manispaa, na huko simu ya ndani ililipiwa kiasi kimoja hata ukizungumza usiku kucha. Sheria ya vifaa ni ileile, plagi ileile, Unix ileile. Kwa mkazi wa Hull aliyepiga namba ya mjini kwake, modemu isiyokata ilikuwa kero tu, wakati wa Birmingham alikuta deni. Freeserve, mtoa huduma wa intaneti, ilipoanza bila ada ya mwezi mnamo Septemba 1998, dakika ziliendelea kulipiwa, na kelele za kudai simu zisizohesabiwa muda ziliendelea hadi mwaka 2000, makampuni yalipoanza kuuza muda kwa jumla. Baada ya hapo ushauri wa kuzuia bili ukapoteza uzito haraka.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana pingamizi lake, na ndilo ninalolipa uzito zaidi. Atasema: kwetu laini zilikuwa mbovu kweli, mvua ikinyesha simu inakufa, waya wa shaba unaibwa, na hakuna haja ya kutafuta sheria nyuma ya unyevu. Sikatai. Modemu za Telebit zilizogawa laini kuwa mikondo zaidi ya mia tano na kuiacha iliyooza zilisifika kwa sababu hiyo, na hakuna sheria ambayo ingeweza kufanya kazi yao. Hata hivyo, angalia njia ya barua pepe za mwanzo. Mapema miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na mtambo ulioitwa Mukla, na Nairobi ilikuwa na mitambo ya mashirika ya mazingira na ya chuo kikuu. Barua zao zilipitia mtandao wa GreenNet mjini London kwa itifaki za FidoNet. Kupiga simu kutoka London kwenda Afrika kulikuwa na gharama ndogo kuliko kupiga kutoka Afrika kwenda London, na mwelekeo wa simu ukafuata bei. Ukiritimba wa Shirika la Posta na Simu la Kenya ulidumu hadi lilipogawanywa mwaka 1999. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uagizaji wa kompyuta mwaka 1974. Unyevu uliharibu viungo, naam, lakini fundi aliyeona kwamba barua ya Kampala haijaondoka alipaswa kujiuliza kwanza ni zamu ya nani kupiga, swali lilelile la saa kumi na mbili ya jioni huko Birmingham, na jibu lake lilikuwa katika orodha ya bei ya nchi nyingine.

Leo mpaka umehamishwa tena. British Telecom imepanga kuzima mtandao wa zamani wa simu kufikia tarehe 31 Januari 2027, na laini mpya ya sauti inaishia kwenye ruta ya mteja, inayokula umeme wa mteja. Zamani simu ilipata umeme wake kutoka kwenye mitambo ya kampuni, ndiyo maana iliita hata taa zikiwa zimezimika. Modemu iliyounganishwa nyuma ya ruta inakutana na sauti iliyokatwakatwa kuwa vifurushi, na mara nyingi inashindwa, bila kosa lolote kwenye poti, kwenye waya au kwenye usanidi. Lifti, kengele za wizi, vifaa vya kuwaita wasaidizi wa wazee na baadhi ya mita nchini humo bado hupiga simu kupitia mtandao huo wa zamani. Mwenye kimojawapo mjini Birmingham aulize sasa laini yake inaishia kwenye mali ya nani, na umeme ukikatika nani ataiwasha, kabla ya tarehe hiyo kufika.